Kiti cha Rubani, Kigoda cha Mama

Kama umetoka kwa daktari juzi na bado hujui utawaambiaje watu wa kwenu, pole sana. Sikuandikii ili nikueleze saratani ni nini. Hayo waachie wenye makoti meupe; mimi mwenyewe nusu ya maneno yao sikuyashika. Nataka kukuonya kuhusu jambo moja ambalo mshauri wa hospitali hakulitaja na kanisani hawakuliombea. Utaona wivu. Utaona wivu mbaya, na utawaonea watu ambao hukuwatarajia kabisa. Mimi nilimwonea mama yangu mzazi, na chanzo kilikuwa kipindi cha runinga.

Mimi ni fundi wa nguo. Nashona sare za shule kwenye kibanda karibu na soko la Machakos, na nyumbani ni Mumbuni. Mume wangu, Mutinda, hutengeneza friji. Binti yetu Ndunge yuko shule ya bweni. Uvimbe niliuhisi siku niliyokuwa nikijipima blauzi yangu mwenyewe, utepe wa kupimia umenizunguka kifua, mvua za Novemba zikiwa bado hazijaanza. Nilidhani nimekosea kipimo, nikajipima tena. Mvua ziliponyesha nilikuwa nimeshakatwa kipande cha nyama cha kupimwa na majibu yamerudi, na wakati watu wanapanda mahindi na pojo, mimi nilikuwa nauliza kemo, ile dawa ya mshipani, itaanza lini.

Chumba cha kungojea utakizoea kuliko sebule yako. Cha kwetu kilikuwa na mabenchi ya chuma ya baridi kali asubuhi, runinga ya ukutani isiyo na sauti, na feni iliyozunguka pale ilipojisikia. Hapo ndipo wivu wangu ulianza, kwa vitu vidogo. Nilimwonea wivu msichana wa kupokea faili kwa sababu ya kucha zake. Nilimwonea wivu mzee mmoja aliyelala na kukoroma wakati sisi wengine tunatetemeka. Zaidi nilimwonea Mama Shiku, mfanyabiashara wa vitunguu kutoka Yatta, aliyekuwa mbele yangu katika matibabu na ambaye nywele zake zilikuwa zimeanza kuchipuka, laini kama za mtoto. Siku yangu ya kwanza alinikuta nimejikunyata, akafungua kikopo akatoa kipande cha ndimu.

"Nyonya hiyo," akasema. "Ile ladha ya chuma ikikuja kwa mdomo, ndimu itaifukuza."

Ilifukuza. Tangu siku hiyo nikawa nabeba ndimu zangu, na wewe beba.

Sasa nikuambie kuhusu kipindi. Nilikuwa kidato cha pili tamthilia hiyo ilipokuwa ikionyeshwa jioni za Jumapili, kwa Kiingereza, habari za watu walio ndani ya chombo cha anga kilichopotea njia na sasa wanatafuta kwao. Wasichana wenzangu walipenda zile tamthilia za mapenzi, za kulia na kuachana na kurudiana. Mimi nilipenda chombo. Nilipenda milango yake inayojifungua yenyewe na taa zake za buluu, na nilipenda kwamba watu wale walikuwa mbali na dunia kiasi kile na bado walikuwa wanagombania zamu ya kuosha vyombo. Nilikuwa nakimbia kutoka mtoni na mtungi begani ili nisikose kuanza kwake, na mwenye runinga, jirani yetu, alikuwa ananingoja mlangoni anicheke. Katika tamthilia nzima, kipindi kimoja ndicho changu. Mimi na Mutinda tunakiita kipindi cha kiti.

Kinaenda hivi. Rubani wa chombo ni msichana anayeitwa Ileya. Anashikwa na ugonjwa unaotia mikono yake ganzi mpaka hawezi kugusa usukani. Chomboni hakuna dawa. Wanamweka kwenye kijichombo cha mtu mmoja na kumtuma kwenye sayari ya waganga, mbali sana, mahali ambapo hata sauti huchukua miaka kufika. Kiti chake hakuna anayekikalia. Kila asubuhi kapteni anakigeukia na kuuliza, "Rubani, tuko wapi?" Hakuna anayejibu, na wao wanaendelea na kazi. Mwisho kabisa, kapteni ameshazeeka, redio inakwaruza na sauti ya Ileya inaingia: "Nawaona. Niko njiani." Lakini sauti ile ilitumwa zamani. Huenda aliyeituma yuko hai, huenda hayuko. Kapteni anatabasamu huku machozi yanamtoka, anasema, "Karibu, rubani." Kisha tunaonyeshwa kiti, na ni kitupu. Taa ndogo kando yake imewashwa, basi, majina yanaanza kupita.

Nimebishana na watu juu ya mwisho ule tangu nikiwa na sare ya shule. Wapo wanaodai kwamba alirudi. Hakurudi. Kiti ni kitupu, na uzuri wa kipindi wote uko hapo, kwamba waliokiandika hawakutudanganya ili tulale vizuri. Nakijua kipindi kile kama ninavyojua mashine yangu ya kushona. Najua hata kosa lao: kikombe cha kapteni kiko mkono wake wa kulia, kamera ikienda na kurudi, kiko mkono wa kushoto. Ilinichukua miaka mingi kukigundua kikombe hicho, na nilipokigundua nilitembea mjini siku nzima nikitafuta mtu wa kumwambia.

Mutinda alikuja kibandani kwangu kushonewa ovaroli. Nilimpa mtihani niliowapa wanaume wengine, nikamwonyesha kipindi. Waliomtangulia, mmoja alicheka na mwingine alilala. Yeye alitazama hadi mwisho, kisha akasema, "Rudisha pale kwa kiti." Nikajua huyu atanioa. Tangu hapo kila mwaka, mvua za Novemba zikianza, tunapika muthokoi wetu wa mahindi ya kukoboa, tunafunga mlango na kukitazama. Hatukuwahi kumwalika mtu, hata Ndunge.

Upande wa pili kuna mama. Anakaa Katelembo, ni mkulima na ni mtu wa kanisa, na ni mtu wa zamani. Kwetu Ukambani, mama mkwe na mume wa binti yake wana kitu tunachokiita nthoni. Ni heshima, lakini ni heshima yenye ukuta. Hawapeani mikono, hawakai kwenye kochi moja, hawali pamoja, na mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Siku hizi wengi wanalegeza. Mama hakulegeza hata kidogo. Miaka yote ya ndoa yangu, maneno yao yalipitia kwangu. "Mwambie baba Ndunge yule mbuzi amezaa." "Mwambie mwaitu asante kwa mbaazi." Mwaitu ndiyo mama kwa Kikamba. Walikuwa wakisimama karibu kabisa, kila mmoja anatazama pembeni, na mimi katikati narudia maneno ambayo wote wawili wameyasikia. Nililalamika sana juu ya kazi hiyo. Moyoni niliipenda. Hakuna aliyeweza kumfikia mwenzake bila kupitia kwangu.

Kemo ilipokaribia, mama alikuja na mkeka wake na kuku mmoja. Mutinda alitoa vyuma vya friji kwenye chumba cha nje, mama akalala huko. Mchana, Mutinda akiwa kazini, nyumba ilikuwa ya mama. Jioni alihamia jikoni, akauvuta mlango nusu na kukaa kwenye kigoda nyuma yake. Katika nafasi iliyobaki aliona kipande cha sebule: kalenda ya kanisa, kona ya meza, na nusu ya runinga. Nusu nyingine ilizibwa na mlango, pamoja na kochi alilokalia mkwe wake.

Kemo ya kwanza ilinilaza kama gunia. Sikuweza kuvumilia harufu ya sabuni wala ya mtu, na mwanga wa runinga ukinipiga machoni nilitapika. Mutinda alizunguka nyumba akigusa vitu na kuviacha. Jioni ya pili alifungua mlango wa chumba cha kulala, akachomeka flashi kwenye runinga, akaweka kipindi cha kiti na kuongeza sauti ili nisikie nikiwa kitandani.

"Wewe funga macho tu," akasema. "Si unakijua chote."

Nilifunga macho nikakiona chote, taa za buluu na milango na Ileya akiangalia mikono yake. Kwa mara ya kwanza tangu majibu yatoke, nilikuwa na raha. Halafu sauti ya mama ikatoka jikoni, kwa Kikamba: "Mwende, huyo anasema nini?"

Mama hajui Kiingereza. Nilifungua mdomo nimjibu, na badala ya neno nikatafuta beseni. Akauliza tena. Kisha Mutinda, ambaye tangu apeleke mbuzi wa mahari hakuwahi kumwambia mama neno moja kwa moja, akasema kuelekea ukutani, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo kanisani: "Anasema mikono yake haisikii kitu."

"Maskini," mama akasema. "Na mama yake anajua?"

"Mama yake hayuko kwa hii hadithi."

"Hiyo ni hadithi gani haina mama?"

Nikamsikia Mutinda akicheka. Ndivyo walivyoanza.

Baada ya hapo, kila kemo ilifuatwa na kipindi cha kiti, jioni ya pili. Ilisemekana ni kwa ajili yangu. Januari ilifika na joto lake, majirani wakaleta maembe kwa ndoo na mimi harufu yake ikanishinda, mama akayagawa. Nywele zilitoka kwenye mto, kisha nikamwomba Mutinda anyoe zilizobaki, na alininyoa akiwa amesimama nyuma yangu ili nisimwone uso. Kucha zikawa nyeusi. Ganzi ikaingia vidoleni. Nilijaribu kutunga uzi kwenye sindano, mimi ninayeweza kuitunga gizani, nikajidunga mpaka damu na sikusikia maumivu. Nililia siku hiyo kuliko siku ya majibu. Ugonjwa wa Ileya ulikuwa sasa wangu kabisa, mikono na yote. Na bado waliokuwa wanamzungumzia Ileya ni wao.

Niliwasikia kupitia ukuta. Yeye kwenye kochi, mama kwenye kigoda, hakuna anayemwona mwenzake, na maneno yanapita sebuleni kama watu waliokua pamoja. Walimwita msichana wetu. Msichana wetu anakula nini huko. Msichana wetu ana blanketi? Mutinda alimweleza mama habari za vyombo vya anga, vizuri, kwa mifano ya friji na gesi, mambo ambayo mimi hakuwahi kunieleza kwa sababu hakuna siku nilimwuliza. Nilikuwa nimelala, sina nywele, sina ladha, na kitu changu pekee duniani kilikuwa kinaliwa chumba cha pili na watu niliowapenda kuliko wote. Ningekuwa na nguvu ningeamka nikaitoa ile flashi na kuitupa chooni.

Jioni moja mama akauliza, "Hicho kikombe kimetoka wapi?"

"Kikombe gani?"

"Cha huyo mzee. Hapa mwanzo hakukuwa na kikombe. Sasa kiko."

Kwake yeye, anayeona nusu ya runinga, kikombe kilitokea tu kutoka hewani. Mutinda akacheka mpaka akakohoa. Akamwambia hakuna mtu huona hicho, ni Mwende peke yake. Mama akasema, "Basi sasa tuko wawili." Nilishikwa na wivu hadi meno yakaniuma. Miaka yangu mingi ile, na yeye kakipata akiwa anachambua maharagwe.

Nikawa mtu mbaya. Mama akileta uji nasema una moshi. Mutinda akiongeza sauti nasema anipasue kichwa kabisa, akipunguza nasema ananificha nini. Asubuhi moja aliniletea chai ya tangawizi na kusema, "Mwaitu anasema unywe hii kabla ya kula."

"Amekuambia saa ngapi?"

"Jana. Kipindi kikiendelea."

Niliikataa chai. Maneno ya mama yangu mwenyewe yalikuwa yananifikia kupitia kwa mume wangu. Kazi yangu ilikuwa imechukuliwa, na haikuwa imechukua hata kemo nyingi. Niliwaza, nikiondoka, hawa wawili wataendelea tu. Watakuwa na tangawizi na kikombe na msichana wao. Hilo ndilo lililokuwa linaniuma chini ya mengine yote, na sikuweza kulisema kwa mtu.

Nilimwambia Mama Shiku habari za kipindi tu, kwenye benchi, ndimu mdomoni. Alicheka mpaka muuguzi akatutazama. "Yaani unaonea mama yako wivu juu ya sinema?" Kisha akaacha kucheka. Akaniambia kwamba mume wake alihamia kwa ndugu yake tangu matibabu yaanze, anasema hawezi harufu ya dawa. "Hao wako wawili, kama umewachoka, nipatie. Mimi nitakaa nao." Aliniangalia vile nilivyokuwa nikiziangalia nywele zake. Niliona haya. Lakini sitakudanganya, wivu haukutoka. Ulikaa tu pamoja na haya hiyo, benchi moja.

Kemo ziliisha mvua za Aprili zikiwa zimeanza. Nilipewa muda wa kupata nguvu, kisha tarehe ya kukatwa titi. Jioni kabla ya kulazwa Mutinda akaweka kipindi. Ilikuwa mara ya kwanza niko macho hadi mwisho, kwa sababu miezi yote ile dawa ya kichefuchefu ilinibeba usingizini katikati. Mvua ilikuwa inapiga mabati kidogo. Redio ya chombo ikakwaruza, sauti ya Ileya ikaingia, na mama akauliza kutoka jikoni, "Sasa amefika?"

"Amefika," Mutinda akasema. "Amerudi. Amekaa kwa kiti yake."

Niliketi kitandani. Nilidhani sikusikia vizuri. Mwanamume niliyemchagua kwa sababu ya kiti kile, aliyesema rudisha pale, alikuwa anampa mama yangu mwisho wa uongo, na kwa namna alivyoutamka, haikuwa mara ya kwanza. Niliinuka nikashika ukuta nikaenda kwenye korido, maneno yakiwa tayari mdomoni. Hakurudi. Nilitaka kulitamka hilo kwa sauti ya kusikika jikoni na sebuleni.

Kutoka hapo nyumba yetu inaonekana yote, sebule na jikoni. Mutinda alikuwa kwenye kochi, kofia yake ameibana mdomoni kwa mikono miwili, mabega yanatikisika, macho yako kwenye kile kiti kitupu. Aliiondoa kofia kidogo tu, akasema kwa sauti safi kabisa, "Ameshakaa, mwaitu. Ako sawa." Kisha akairudisha. Na nyuma ya mlango, kwenye kigoda, mama alikuwa amejifunika uso kwa leso, na kutoka ndani ya leso alijibu kwa sauti ya kawaida tu, "Mungu ni mwema. Nilijua atarudi."

Hakuna aliyemwona mwenzake. Mimi peke yangu niliwaona wote wawili. Nilikuwa nimesimama pale pale nilipokuwa nikisimama miaka yote, katikati yao, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na neno lolote la kupitisha. Ungetarajia wivu uniishe hapo. Ulizidi. Walikuwa wananililia mimi, na hawakunialika. Na nilimwonea wivu hata Ileya, msichana wa kubuni, kwamba nyumbani kwangu ameruhusiwa kurudi na mimi bado hata sijaondoka. Nilirudi kitandani taratibu nikajifunika.

Upasuaji sina mengi ya kusema. Nakumbuka muuguzi aliyenifunga kilemba upya, kwa upole, kabla hawajanisukuma ndani, kwa sababu alisema hakuna mwanamke anapaswa kuingia mahali amefungwa kilemba kombo. Utakutana na watu kama huyo. Nakumbuka kuamka na kupapasa. Jeraha lilipopona nilijishonea mfuko wa bitana, nikaujaza mtama, nikaushonea ndani ya sidiria. Mishono ilikuwa mibaya kwa sababu ya ganzi, lakini uzito ulikuwa sawa, na nilitembea sokoni hakuna aliyegeuka. Kisha Julai na baridi yake na safari za Nairobi kupigwa mionzi, ngozi ikawa kama imeungua kwenye pasi. Ngozi ilipopoa nikaambiwa imetosha kwa sasa, nirudi kuonwa baada ya muda. Nimekaa na hilo neno, kwa sasa. Ndilo tunalopewa.

Kama uko mwanzo wa njia hii, nakuambia: wivu ukija, usijidhani umekuwa shetani. Mwili unaona wengine wanaishi na unataka sehemu yake. Kula unachoweza. Mtu akikuletea uji wenye moshi, unywe. Na ukimsikia mtu wako chumba cha pili anacheka, usikimbilie kuhesabu kwamba amekusahau.

Hayo nayasema sasa. Siku mama alipofunga mzigo wake kurudi Katelembo kutayarisha shamba, sikuwa nimefika huko. Mutinda alikuwa ameitwa Konza kwa kazi ya mitambo ya baridi na angelala huko, kwa hiyo jioni ile tulibaki wawili, na mama angeweza kukaa popote. Nikaona nafasi yangu. Nilimwambia, mwaitu, leo njoo kwa kochi, leo nakuonyesha hicho kipindi mimi mwenyewe. Nilikuwa nimepanga. Nitamtafsiria kila neno kwa mdomo wangu, ataona runinga nzima, na mwisho ataona kiti jinsi kilivyo. Kipindi kitarudi kuwa changu.

Alikaa kwenye ncha ya kochi kama mgeni. Alishangazwa na nusu ambayo hakuwahi kuiona. "Kumbe kuna dirisha huku," akasema. "Kumbe huyu mrefu hukaa karibu na msichana." Nilimtafsiria vizuri, kuliko Mutinda, na alicheka pale nilipotaka acheke. Niliona raha ya shule ikinirudia mwilini. Kikombe kilipohama tulikinyoshea kidole kwa pamoja. Kapteni akaanza kuzeeka. Nikasogea mbele.

Redio ikakwaruza. Mama akainuka, akachukua leso yake, akaenda jikoni, akakaa kwenye kigoda na kuuvuta mlango nusu.

"Mwaitu, rudi. Ndiyo mwisho huu."

"Hapana. Hapa ndio naona mzuri."

"Hapo huoni kiti."

"Najua," mama akasema.

Sikumwuliza alijua tangu lini. Michana ile nikiwa hospitali, yeye ndiye aliyepanguza runinga ile, na mara nyingi Mutinda aliiacha imesimama pale mwisho, kwenye kiti. Nilibaki kwenye kochi peke yangu, na sauti ya Ileya ikaingia, nawaona, niko njiani, na nilijua sasa hivi nitaonyeshwa kiti kitupu, ule mwisho wa kweli nilioupigania tangu nikiwa msichana. Nilikuwa na mahali pazuri kuliko wote nyumbani, na sikutaka kuwa pale. Nilikionea wivu kile kigoda. Nilichukua ndoo ya maji iliyokuwa tupu, nikaingia jikoni, nikaigeuza na kukaa kando yake, bega kwa bega, nyuma ya mlango. Kutoka pale uliona kalenda, kona ya meza, na uso wa kapteni anayetabasamu.

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Anasema karibu."

"Amerudi?"

"Amerudi, mwaitu. Amekaa kwa kiti yake."

"Basi songa kidogo, Mwende," akasema. "Unanizibia."

Nikasonga.